Shamba Lililomfuata Bertilla

Kikao cha baraza la ardhi la kijiji kilikuwa kianze saa tatu asubuhi, lakini saa tatu na nusu wajumbe watatu kati ya saba walikuwa bado nyuma ya ofisi wanapika. Silvana, katibu wa baraza, alikuwa akigeuza migebuka kwenye kikaango, daftari la mihtasari amelibana kwapani lisilowe. Mvua ya Februari ilikuwa nyembamba na haikati, moshi ulikataa kupanda, na upepo wa Ufipa ulipita kwenye mwanya wa ukuta kama kawaida yake. Ndani, wajumbe wanne wanaume walikuwa wamekaa wakisubiri samaki. Sheria inataka baraza liwe na wanawake wasiopungua watatu. Kijiji hicho, kilicho mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka Mollo, kiliitii sheria hiyo bila kinyongo, maana wale wanne wasingeweza kujipikia.

Shauri la siku hiyo lilikuwa moja. Shamba la marehemu Felisiani, ekari tatu, lilikuwa limeondoka kijijini Jumapili iliyopita likaenda Chala, na kaka wa marehemu alitaka lirudishwe.

Felisiani alifariki mwezi wa nane kwa homa ya mapafu, akamwacha mkewe Bertilla na binti yao Sharon, mwenye miaka tisa. Walikuwa wamelima ekari zile kwa miaka kumi na mmoja, na kila jirani alijua kwamba kati ya majembe mawili ya nyumba ile, lililolika mpaka kubaki nusu lilikuwa la Bertilla. Felisiani alikuwa mtu mwema, lakini kifua chake hakikuwa cha kulima.

Baada ya msiba ukoo ulinyamaza. Ulinyamaza mwezi wa tisa, ukanyamaza mwezi wa kumi. Mvua za kwanza zilipodondoka, Bertilla alifukia majani, akainua matuta ya mviringo, akapanda mahindi upande wa juu, maharage katikati na ulezi upande wa chini, na ukoo ulimtazama tu. Akapalilia mara ya kwanza. Akapalilia mara ya pili. Mwezi wa kwanza, palizi ilipokwisha na kilichobaki ni kungoja mavuno, ndipo Nestory, kaka mkubwa wa marehemu, akaitisha kikao, na wazee wakakumbuka kwamba mwanamke harithi ardhi ya ukoo.

Walimpa Bertilla mambo mawili achague. Aingie kwa Nestory awe mke wa pili na aendelee kulima, au aondoke. Nestory alikuwa mwenyekiti wa jumuiya kanisani, na mtu mmoja aliuliza kama kanisa halitasema kitu. Akajibiwa kwamba hilo litaangaliwa baadaye. Wakati wote huo Nestory alikuwa akinywa pombe ya kimpumu kwa mrija, na zamu yake ya kusema ilipofika hakuutoa mrija mdomoni. Alisema kwa upande mmoja wa mdomo kwamba yeye hana ubaya, mlango uko wazi.

"Naondoka, shemeji," Bertilla alisema.

Alichukua mtoto, godoro na jembe lake, akaenda Chala kwa mdogo wake wa kike.

Shamba lilikaa siku nane. Siku ya tisa, Jumapili, watu wakiwa misani, liliondoka. Mzee Fanueli, ambaye haendi tena kanisani kwa sababu ya magoti, aliliona akiwa kibarazani kwake. Alisema lilinyanyuka kama ng'ombe anavyonyanyuka, nyuma kwanza halafu mbele, likakaa kidogo kama linalojinyoosha, kisha likashika njia ya barabarani na matuta yake yote, na kichuguu kilichokuwa pembeni. Halikukanyaga shamba la mtu. Lilipofika kwenye lami lilishika upande wa kushoto. Kwenye geti la mazao, mkaguzi alitoka na kitabu cha ushuru, akatazama mahindi, akaona bado mabichi, akanyanyua mti wa geti likapita. Jumatatu mchana lilifika Chala, likajilaza kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba ya mdogo wake Bertilla.

Bertilla alikuwa anafua. Aligeuka akaliona. Akamaliza kusuuza, akaanika, ndipo akaenda kuangalia kama maharage yameumia. Hayakuumia.

Haya Silvana aliyajua kwa sababu alikwenda Chala mwenyewe. Alikwenda na Modesta, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake cha kata, mwanamke mrefu aliyewahi kuwa mwalimu wa chekechea na ambaye bado alizungumza na watu wazima kwa sauti ile ile. Mwaka uliopita wote wawili walihudhuria semina ya siku tatu mjini Sumbawanga, wakafundishwa haki za mwanamke kwenye ardhi, wakarudi kila mmoja na kijitabu cha sheria. Silvana alikuwa amekisoma mpaka kurasa zikalegea.

Walisimama pembeni mwa shamba, miguu kwenye nyasi.

"Ulilivuta wewe?" Modesta aliuliza. "Barazani watakuuliza."

"Sikulivuta. Limekuja."

"Na ukienda mahali?"

"Linakuja. Nikienda kisimani linasogea mpaka kisimani. Nikirudi linarudi. Dukani limenisubiri nje, watu wa dukani wakazunguka nyuma."

"Basi hakuna kesi," Modesta alisema. "Shamba lenyewe limeshasema."

Silvana aliona hivyo hivyo. Alifungua daftari akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Shamba linamfuata mjane kila aendapo, kwa hiari yake, bila kuvutwa wala kuswagwa.* Akapigia mstari kwa rula. Alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu aolewe, na jioni alimpikia mumewe Yonas ugali wa ulezi huku anaimba.

Sasa samaki walikuwa wamekwisha kuliwa. Loth, mwenyekiti wa baraza, alikunja kona ya karatasi ya wito akaanza kuchokoa meno. Kila alichokitoa alikitazama, halafu akakirudisha mdomoni. Silvana alikaa mkono wake wa kuume, daftari wazi, akijitahidi kuangalia dirishani.

Dirishani kulikuwa na shamba. Bertilla alikuwa amekuja kuitika wito, nalo limemfuata, likajaza uwanja wa mpira wa shule kutoka goli hadi goli. Wanawake wa kikundi, kumi na wanne, walisimama kwenye mifereji kati ya matuta wakiwa na vitenge vyao vya sare, Modesta mbele yao. Waliambiwa waingie wawili tu kwa sababu ya nafasi, kisha wakaambiwa hata wawili ni wengi.

Nestory alisema ya kwake. Alibaki na shimo lenye kina cha mpini wa jembe, limejaa maji, na ng'ombe wa Mzee Fanueli alishaingia humo mara mbili. Alitaka mali ya ukoo irudi. Alikuwa amevaa koti la suti, na kila alipotaja jina la marehemu mdogo wake alivua kofia.

Kisha Silvana alisoma maelezo yake ya Chala. Alisoma pia kifungu kwenye kijitabu, kile kinachosema kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Loth alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hicho ni cha semina," alisema kwa upole. "Katibu, hebu rudia pale juu. Pale ulipopigia mstari."

Silvana alirudia.

"Kila aendapo?"

"Kila aendapo, mzee."

"Hakuna aliyelivuta?"

"Hakuna."

Loth aliweka kona ya karatasi mezani. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mbili, mwenye sauti nzuri, aliyewahi kuongoza kwaya, na alipoanza kusema wajumbe wengine waliinua vichwa.

"Sisi hatuhukumu, tunasuluhisha," alisema. "Ukoo una shamba. Hilo halina ubishi, wazee walishakaa. Sasa katibu wetu ametusaidia sana, kafika mpaka huko, kachunguza. Kwa maandishi yake mwenyewe, shamba na mjane havitengani. Mnaelewa hapo? Shamba lina kichuguu, kichuguu ni cha shamba. Shamba lina matuta, matuta ni ya shamba. Na shamba hili lina mjane. Kwa hiyo shamba likirudi kwa mwenyewe, linarudi na vilivyomo."

Wajumbe watatu wanaume waliitikia kwa vichwa. Mmoja alisema ni uamuzi wa kisasa, kwa sababu hapa hakuna mwanamke anayefukuzwa. Mwingine akauliza kama bado kuna samaki.

Bertilla alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono mapajani.

"Nikikataa?" aliuliza.

Alijibu Nestory. "Utakaa huko Chala na shamba letu, sisi tutavumilia. Lakini mtoto ni wa ukoo, mama Sharon. Sharon atarudi kwa baba zake. Kuna kazi nyingi kwangu, hatakosa kulelewa."

Aliposema neno kulelewa alipangusa mdomo kwa kiganja, kwa sababu ulikuwa na mafuta. Silvana alikiona kiganja kile kikifutwa kwenye goti la suruali, akamwona Bertilla naye akikiona. Nje, ulezi ulitikisika, ingawa upepo ulikuwa umetulia.

"Nitarudi," Bertilla alisema.

Silvana aliomba ruhusa akaenda nyuma ya ofisi akatapika. Alisukutua mdomo kwa maji ya ndoo, akarudi ndani, kwa kuwa sahani zilikuwa bado mezani na wenzake wawili hawakuweza kuzibeba zote.

Muhtasari ulitakiwa kusainiwa na wajumbe wote saba. Wanaume walisaini. Salome na Monika, wale wanawake wengine wawili, walisaini haraka haraka bila kuinua macho, mmoja akiazima kalamu ya mwenzake kabla wino haujakauka. Mume wa Salome alikuwa akilima kwenye ardhi aliyogaiwa na Loth. Monika alikuwa mke wa Nestory.

"Mimi sisaini," Silvana alisema.

Loth hakukasirika. Alimtuma mtu kwenye mashine ya kusaga, na baada ya robo saa Yonas akaja, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Akawaamkia shikamoo wakubwa waliokuwemo. Loth akamweleza kwamba mkewe, mama Godbless, amechoka leo, hajisikii vizuri, na karatasi inasubiri. Yonas alijifuta mkono wa kulia kwenye kaptula, akauliza ni wapi, akaonyeshwa, akasaini kwenye mstari wa mkewe. Alama ya kidole chake cha unga ilibaki pembeni mwa jina.

"Familia imeridhia," Loth alisema. "Katibu, andika kwamba baraza limeridhia kwa kauli moja."

Njiani kurudi nyumbani Silvana alimwuliza mumewe kama alisoma alichosaini.

"Nilisoma jina lako," Yonas alisema. "Ningejuaje pa kuandika?"

"Umemrudisha Bertilla kwa Nestory."

"Mimi nimekutoa wewe kwenye aibu. Mkutano mzima unakusubiri, mke wa mtu anavimba mbele ya wazee. Ulitaka nionekane mwanamume gani?" Alikuwa anasema kwa upole, kama mtu aliyemsaidia mwenzake kubeba gunia. "Leo tunakula nini?"

Modesta hakukubali. Kesho yake alipanda gari la mjini na nakala ya muhtasari kwenye mfuko wa plastiki, akasimama kwenye foleni ya ofisi ya ardhi ya wilaya mpaka mchana. Karani aliyempokea alikuwa kijana mstaarabu mwenye tai. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafungua wa mwisho, akahesabu majina kwa ncha ya kalamu.

"Wamesaini wote, mama. Na wanawake watatu wamo. Hapa mgogoro uko wapi?"

Modesta alimweleza kuhusu unga. Karani aliinua karatasi kwenye mwanga akauona, alama ya kidole, mistari yake yote. Akasema ofisi yake haishughuliki na unga.

Bertilla alirudi siku ya tatu. Alikuja kwa mguu kutoka Chala, alikokuwa amemfuata mtoto, na Sharon mgongoni sehemu za matope, wakalala njiani kwa watu, na shamba likawafuata nyuma taratibu ili lisiwapite. Lilipofika kwenye shimo lake lilishuka, likajipanga kingo kwa kingo, maji yakapanda pembeni kidogo kisha yakanywea. Nestory alikuwa amesimama pale na wazee. Alilizunguka lote kwa miguu kuhakikisha hakuna kipande kilichobaki njiani. Kisha akamwonyesha Bertilla chumba chake, kile kilichokuwa stoo ya mbolea. Monika alikuwa amefagia. Alimpokea mwenzake begi bila kumtazama usoni, akasema maji ya kuoga yako jikoni, akaenda zake.

Sikukuu ya wanawake, tarehe nane Machi, iliadhimishwa kwenye uwanja wa kata. Wanawake waliamka alfajiri wakapika pilau ya wageni, wakavaa sare, wakaandamana na mabango ya usawa, na jua lilipopanda wakakaa chini kwenye nyasi kwa sababu viti vilikuwa vya wageni. Mgeni rasmi, mwanamume aliyetoka mbali, alisoma hotuba ndefu. Kwenye ukurasa wa nne alilitaja baraza la kijiji chao. Alisema ni mfano wa kuigwa: wanawake watatu, sahihi tatu, mjane hakufukuzwa, na yote kwa kauli moja. Akaomba katibu wa baraza apite mbele apokee cheti.

Silvana alipita mbele. Alipewa cheti kilichowekwa kwenye fremu, akapigwa picha, akapewa kipaza sauti aseme neno la shukrani.

"Ile sahihi si yangu," alisema. "Aliandika mume wangu. Mimi nilikataa."

Sauti ilisikika vizuri. Spika zilikuwa mpya. Kwenye nyasi Modesta alisimama, na baadhi ya wanawake wakasimama naye. Mgeni rasmi alicheka kidogo, akaweka mkono begani kwa Silvana, mkono mzito wenye jasho, na vidole vikateleza vikashika shingo.

"Mmemsikia?" aliuambia umati. "Anampa heshima mumewe. Unyenyekevu kama huu ndio pambo la mwanamke wa Kitanzania."

Wageni walipiga makofi. Mpiga muziki akaona ishara akaweka wimbo, na waliosimama ikaonekana wamesimama kucheza. Yonas alikuwa kwenye kundi la wanaume nyuma, akipongezwa kwa kupeana mikono. Silvana alikwenda bombani akanawa shingo kwa sabuni ya kufulia. Alinawa mara tatu. Cheti kilitundikwa ofisini.

Ukaja wakati wa maharage, mahindi yakakauka, kisha mwezi wa sita ulezi ukawa wa kukata. Bertilla alivuna vyote na kila kitu kikaingia ghalani kwa Nestory. Mavuno yalikuwa makubwa kuliko ya miaka yote, na Nestory alisema mwenyewe kwamba shamba limefurahi kurudi nyumbani.

Shamba liliendelea kumfuata Bertilla. Watu walishazoea. Jumapili lililala nje ya kanisa mpaka misa iishe, na waliochelewa walipita kwenye mifereji wakainua sketi zao wasichafuke. Alipokwenda kuteka maji lilikwenda, alipokwenda kusagisha lilikwenda. Mwanzoni Nestory alilalamika kwamba udongo utachoka. Baadaye hakulalamika tena. Aligundua kwamba kutoka kilabuni, palipo juu ya mlima, anaweza kuona ekari tatu popote zilipo, kwa kuwa Ufipa ni nyasi tupu na hakuna mti wa kuzificha. Hakuhitaji tena kumwuliza Monika mwenzako yuko wapi. Aliinua macho tu.

Siku moja mwezi wa saba, saa nane mchana, Bertilla alimshika Sharon mkono wakaondoka kuelekea barabarani. Hawakubeba kitu. Walipita nyuma ya shule, wakashuka bondeni, wakapandisha upande wa pili. Shamba liliinuka nyuma yao na mabua yake makavu, likipeperusha vumbi jekundu lililoonekana mpaka Mollo. Nestory aliona. Alimalizia kwanza kinywaji chake, akaagana na watu, akapanda baiskeli bila haraka, akawakuta wamekaa kwenye lami wanasubiri gari.

Hakumsemesha Bertilla. Alilisemesha shamba.

"Haya, turudi nyumbani," aliliambia, akageuza baiskeli, na kwenye kiti cha nyuma akampakia Sharon. Bertilla akaamka akafuata baiskeli, na shamba likamfuata Bertilla.

Wiki iliyofuata Silvana alimkuta kisimani. Shamba lilikuwa limejilaza kando, na kware wawili walikuwa wakidona punje zilizobaki kwenye matuta. Walijaza ndoo zao zamu kwa zamu.

"Huwezi kuliambia libaki?" Silvana aliuliza. "Siku moja tu. Mkifika mbali, basi."

"Nimeliambia," Bertilla alisema. "Nimeliambia kwa upole, nimeliambia kwa ukali. Nimelipiga na jembe."

"Halisikii?"

"Linasikia. Ila linanipenda."

Alikunja kitenge akakiweka kichwani, Silvana akamtwika ndoo. Bertilla alishika njia ya kurudi. Zile ekari tatu ziliinuka, nyuma kwanza halafu mbele, zikamwandama, na kule juu kilabuni Nestory akasogeza kigoda chake kidogo ili jua lisimpige machoni.